Bangili ya Mpira Mweusi

Nikiri mapema, yaishe: nilivaa mkononi pete ya kizazi ya bibi yangu, nikaenda nayo kwenye kazi ya kijiji, nikawaringishia watu.

Ilikuwa duara la mpira mgumu, jeusi, nene kama kidole changu cha shahada, upana wake sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Waliitengeneza Wazungu ili ikae ndani ya mwanamke ambaye kizazi chake kimeanza kushuka, ikishikilie kisitoke nje. Haikutengenezwa kwa ajili ya mvulana wa shule ya kati mwenye majivuno. Lakini asubuhi ile mimi sikujua kazi yake. Niliona kitu kinang'aa dirishani, nikakipenda, basi.

Bibi huyu ni mama yake baba. Baba yuko bondeni kwenye mashamba ya mkonge, anapanda kutuona siku akipata ruhusa, kwa hiyo nyumbani kwetu Vudee, huku milimani, tuko watatu tu: bibi, mama na mimi. Bibi huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, kama ilivyo kawaida ya mjukuu na bibi yake. Anaruhusiwa kunitukana, naruhusiwa kumjibu. Mama haruhusiwi kitu. Yeye ni mkwe, kazi yake ni kuinamisha macho na kujifanya hasikii, na kwa miaka yote hiyo amekuwa akijing'ata midomo ili asicheke.

Bibi alizaa watoto wengi, na katikati ya mtoto na mtoto akapandisha milima akiwa na kuni, ndizi, samadi na mitungi ya maji. Mwisho kizazi kikachoka. Mimi nikiwa bado natambaa, walimpeleka hospitali ya misheni, wakampasua, wakamshona, wakamwambia apumzike. Alipumzika mpaka mvua ya kwanza. Iliponyesha tu, akaenda shambani akarudi na mzigo wa kuni unaoweza kumwangusha punda. Mshono ukavumilia miaka, kisha ukashindwa, na kile kilichoshonwa kikashuka tena.

Mimi niliambiwa ni mgongo. Sikuuliza, ila nina macho. Niliona bibi akitaka kupiga chafya anakunja miguu kwanza. Niliona anakwenda chooni, anarudi, anageuka anakwenda tena. Niliona hakai tena kwenye kigoda kifupi cha jikoni. Na kitu kikubwa kuliko vyote, aliacha kwenda msaragambo.

Kama wewe si wa milimani kwetu, msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu linapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa watu, na watu wanakwenda kuchimba mfereji, kutengeneza njia, au kuziba ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Kuziba ndiva ndiyo kazi tamu. Wanaume wanapanga mawe, vijana wanaleta udongo wa mfinyanzi, na wanawake wanaukanyaga kwa miguu huku wakiimba mpaka ukuta unakuwa mgumu. Mwimbishaji alikuwa bibi. Tangu mama anaolewa alimkuta yeye ndiye mwimbishaji. Halafu misimu miwili ikapita amekaa barazani na mgongo wake wa uongo, anawasikiliza wenzake wakiimba huko chini.

"Wanaimba kama kuku waliomwagiwa maji," aliniambia siku moja.

"Nenda ukawafundishe, mke wangu."

"Nitakwenda," akasema. Lakini aliangalia pembeni.

Mwaka huu, kahawa ilipoanza kuteremshwa, mama akamshawishi arudi hospitali. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza. Tuliteremka polepole, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia, mpaka lori la kahawa likatuchukua hadi Same na kutuunganisha na safari ya hospitali. Niliwekwa nje kwenye benchi lililojaa wanawake wajawazito, walionitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewafanyia. Bibi alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatembea kwa madaha, kidevu juu, kama Malkia katika ile picha ya darasani kwetu.

"Kisu nimekikataa," akasema.

"Walitaka kukukata mgongo?"

"Daktari anasema anaweza kunipasua tena. Lakini anasema nyama iliyoshonwa mara moja imekuwa nyembamba, akiishona tena huenda ikaachia tena. Nikamwuliza nesi, huyu msichana wetu anayesema Kichasu, lugha ya kwetu, hakuna njia nyingine? Akasema ipo. Basi nimechukua ipo."

Hiyo "ipo" ilikuwa nini, hakuniambia. Niliambiwa masharti yake tu, kwa sababu masharti yote yaliniangukia mimi. Bibi asibebe kuni. Nani abebe? Bibi asibebe maji. Nani abebe? Bibi ale mboga za majani na mapapai kila siku ili choo kiwe laini, asijikamue. Nani apande mpapai? Mchana alale kidogo, miguu ikiwa juu ya gunia lililokunjwa. Hapo nilijitolea kumsaidia kulala, wakanifukuza.

Kulikuwa na sharti jingine la ajabu. Kila asubuhi na jioni bibi alikaa wima kwenye kiti, akafumba macho, akanyamaza, uso umekazana kama mtu anayekumbuka deni. Baada ya kitambo akashusha pumzi na kulegea. Kisha anaanza tena. Nilidhani anasali. Nami kwa heshima, kila aliposhusha pumzi, nilisema kwa sauti, "Amina."

"Umeniharibia!" alikuwa akisema. "Nilikuwa nimebana vizuri!"

"Umebana nini, bibi?"

"Dhambi zako."

Mama alikuwa akitoka nje haraka akidai kuna mbuzi amefungua kamba.

Na kweli bibi akaanza kunyooka. Alipiga chafya amesimama. Alitembea mpaka kanisani na kurudi. Ndipo ikatangazwa siku ya kuziba ndiva, na bibi akasema kwamba safari hii anakwenda. Mama akauliza kwa sauti ya chini kama ana hakika. Bibi akasema nesi alimruhusu kutembea, kuimba na kukanyaga taratibu. Alichomkataza ni mizigo, na udongo wa ndiva hatauinua yeye, atausimamia tu kwa nyayo.

Usiku ule aliitoa ile pete, kama alivyofundishwa kuitoa mara kwa mara, akaiosha kwa sabuni, akailaza ndani ya bakuli la bati juu ya dirisha lake ikauke, akaifunika kitambaa. Alikusudia kuirudisha mahali pake asubuhi akishaoga.

Upepo ukaangusha kitambaa. Nami alfajiri nikapita hapo.

Lazima ujue hali yangu. Shuleni kwetu vijana wote wenye maana wana kitu mkononi. Mmoja ana bangili ya singa za mkia wa tembo aliyopewa na Mmaasai wa kule bondeni. Mwingine amesokota waya wa baiskeli. Mimi nilikuwa na mkono mtupu na maneno mengi. Nikaona ile bangili nyeusi, nikaipitisha mkononi, ikaingia kama imepimwa. Nikasema nitairudisha jioni. Nilipofika mferejini, nikataka kunawa uso, nikaivua nisiiloweshe, nikaishika kwa meno. Kumbuka hapo.

Kwa sababu ya kusimama njiani nikiutazama mkono wangu, nilichelewa. Msimamizi wa msaragambo ni mdogo wake marehemu babu, kwa hiyo naye ni babu yangu, mzee mwenye fimbo ndefu na sauti ya baragumu lenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jua liko wapi?"

"Liko juu, babu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini yake, babu."

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Anayechelewa msaragambo hutoa rehani, jembe au kofia au chochote, na haipati mpaka amalize kazi ya faini. Babu akanyoosha mkono.

"Toa jembe."

"Sijaja nalo, babu."

"Hicho mkononi ni nini?"

"Bangili, babu. Ya mjini."

"Lete."

Aliigeuza, akainusa, akaigonga kwa ukucha. Kisha, badala ya kuitia mfukoni kama wazee wengine, akaisukuma kwenye mkono wake mwenyewe. Ilikataa kwenye vifundo. Akakunja uso, akasukuma, ikapita. Akainua mkono juu kila mtu aone.

"Inanipendeza?"

"Inakupendeza!" wanawake wakaitikia.

Nikapelekwa kubeba mawe. Sijabeba mengi nikamwona mama anashuka mteremko anakimbia, na mama hakimbii. Alinivuta kando nyuma ya migomba.

"Umechukua nini dirishani kwa bibi yako?"

"Bangili tu, mama."

Mama akafumba macho. "Iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Babu alikuwa amesimama ukingoni mwa ndiva, anaamrisha watu kwa mkono uleule, anauzungusha hewani ili ing'ae. Mama alitazama. Akavuta khanga akajifunika uso wote, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Fikiria shida yake: yule ni baba mkwe. Hawezi kumsogelea na kumwomba kitu kile, wala hawezi kumweleza mwanawe mwenyewe ni kitu gani.

"Nenda kwa bibi yako," akasema ndani ya khanga. "Kimbia."

Bibi alikuwa amelala kitandani, miguu juu ya gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi wangu. Umechukua kitu changu?"

"Nimeazima bangili, mke wangu. Nitairudisha jioni."

"Sasa ni asubuhi. Kaa hapo nikwambie bangili ile hukaa wapi."

Akaniambia. Hakuzunguka. Aliniambia habari ya kizazi, ya kushonwa, ya kushuka tena, ya kubana asubuhi na jioni, na mahali hasa pete inapokaa na kwa nini. Nilitazama mkono wangu, nikatamani kuukata niuache palepale. Halafu nikakumbuka mferejini.

"Bibi."

"Nini?"

"Niliishika kwa meno."

Kwanza alinitazama mdomoni. Kisha tumbo lake likaanza kuruka, akashika kitanda kwa mikono miwili. "Nyamaza, mume wangu! Usinichekeshe, leo sina kizuizi!" Akafinya miguu, machozi yanamtiririka. "Iko wapi sasa?"

"Kwa babu. Nilichelewa akaichukua rehani."

"Ameiweka wapi?"

"Ameivaa."

Sitasahau kicheko kile. Alicheka bila sauti, kwa kuogopa nafsi yake, kama mtu anayevuka mfereji na mayai. Alipomaliza alijifuta uso, na uso ukabadilika.

"Sikiliza," akasema. "Nesi alinieleza wazi. Pete ikinikubali, naweza kukaa nayo hata miaka, naiosha, nakwenda kukaguliwa, yamekwisha. Ikinishinda, kilichobaki ni kisu, na kisu sikitaki tena. Kutembea imekubali. Kanisani imekubali. Leo ndiyo nilitaka kujua kama naweza kusimama pale ndiva nikaimba kwa nguvu zangu zote na isishuke. Nimesubiri misimu miwili."

Nikakosa mzaha. Hilo halinitokei.

"Nitamwomba babu, bibi. Nitamwambia ni dawa yako."

"Atakuuliza dawa ya nini. Na kwa mdomo wako huo, mpaka saa sita watakuwa wamesikia Same stesheni. Niletee kipande cha sabuni. Nakwenda mwenyewe."

Alijifunga khanga kwa ndani, ikapita katikati ya miguu na kukazwa kiunoni, namna wanawake walivyofanya kabla ya pete na hospitali. Tukashuka, yeye ameniegemea, hatua ndogondogo. Safari ambayo mimi huiruka kwa pumzi moja tuliifanya kama maandamano ya askofu.

Tulipofika, babu alikuwa amebadilika. Mkono ulikuwa nyuma ya mgongo. Jua limekuwa kali, mkono umevimba, na bangili ya mjini imekataa kutoka. Alikuwa amejaribu kwa mate, kwa matope, na kwa kumwambia kijana mmoja avute. Bibi akaniachia bega, akajinyoosha.

"Shemeji, naona umepata mapambo."

"Aa, shemeji! Umefufuka?"

"Nimefufuka. Lete mkono."

"Haitoki, shemeji. Ni kitu cha ajabu."

"Kwangu hutoka vizuri tu."

Nyuma yetu mama alianza kukohoa. Bibi aliushika ule mkono, akaulowesha, akaupaka sabuni pande zote, akaanza kuongea kwa sauti ya upole kabisa, sauti ambayo bila shaka aliisikia kwa nesi:

"Usikaze. Ukikaza inaumia. Legeza. Vuta pumzi. Sasa toa pumzi, polepole. Kunja kidole gumba. Legeza, nimesema, unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Toa pumzi."

Ikachomoka. Babu akausugua mkono kwa furaha. "Shemeji! Umejifunza wapi mambo haya?"

"Hospitali."

"Kumbe hospitali wanafundisha na haya!"

Mama hakuweza tena kujizuia. Aliondoka mbio kuelekea kwa jirani yetu ambaye nyumba yake imepakana na ndiva, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Lakini ni rehani ya mtoto," babu akakumbuka, akainyooshea mkono tena.

"Rehani nitakuwa mimi," bibi akasema, na kuificha ndani ya khanga. "Na mtoto abebe mawe mpaka nichoke kuimba."

Bibi akamfuata mama nyumbani kwa jirani. Moshi wa jiko ukapanda. Mama alikuwa anachemsha maji. Mimi nilibeba mawe huku nikiutazama mlango ule kuliko nilivyowahi kuutazama mlango wa darasa siku ya matokeo. Waliiosha ile pete, nadhani, kwa kila sabuni iliyokuwamo nyumba ile, hasa kwa ajili ya meno yangu.

Alipotoka hakuniegemea mimi wala mama. Alipita katikati ya watu, akavua viatu, akaingia kwenye udongo. Wanawake wakamfanyia nafasi. Hakuruka kama zamani. Alikanyaga taratibu, kisigino kisha vidole, akatoa sauti. Mungu wangu, sauti ile. Ilikwenda ng'ambo ya bonde ikarudi. Wenzake wakaitikia, na udongo ukaanza kulia chini ya miguu yao.

Wimbo wa kwanza ulipoisha alisimama kimya. Watu walidhani anatafuta pumzi. Mimi na mama tulijua anachosikiliza. Alisimama kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa mtoto aliyelala. Mama alishika mkono wangu bila kujua ameushika. Kisha bibi akatutazama, akatikisa kichwa mara moja juu na chini, akaanzisha wimbo wa pili, wa haraka zaidi.

Mama akapiga vigelegele. Mama yangu, mkwe, mbele ya baba mkwe! Akatupa viatu, akaingia udongoni.

Walipopumzika kunywa uji, mwanamke mmoja wa rika la bibi alimsogelea akanong'ona. Nilikuwa karibu na sufuria, kwa hiyo nilisikia. Alimwuliza mgongo wake ulipona kwa dawa gani, maana na yeye ana mgongo. Alipotamka "mgongo" alitazama chini, mahali ambapo si mgongoni. Bibi hakunong'ona. Aliwavuta wanawake wote wakakaa duara, akaeleza kila kitu, tangu mshono mpaka pete. Alipofika kwenye bangili walianguka juu ya majani. Wote kwa pamoja wakageuza shingo kumtazama babu kule ukingoni. Babu, aliyependa kutazamwa, akainua fimbo akawapungia. Wakaanguka tena. Mpaka leo hajui, na ukimwuliza atakwambia wanawake wa siku hizi wana heshima naye mno. Lori la kahawa lililofuata lilimchukua bibi kwenda kukaguliwa, akiwa na wenye migongo wawili pembeni yake, na mimi nikaambiwa sihitajiki.

Siku ile ya ndiva waliimba mpaka kivuli cha mlima kikafunika maji. Nami nilibeba mawe mpaka mwisho, kama alivyoahidi bibi. Usiku nilikaa jikoni nikingoja hukumu. Bibi alikuwa amekwisha lala, anakoroma. Mama akaingia, matope yamemfika magotini, akakaa karibu na moto. Kisha akasema:

"Fimbo niliyokukatia nimecheza nayo udongoni mpaka imevunjika. Kesho asubuhi ukakate nyingine wewe mwenyewe, tena nene."